Mzee wa Takaba Aliyeshika Kifua

Aibu hii nimeikalia miezi kadhaa kama kuku anayeatamia mayai, na kila mkija kwangu mkaniuliza, "Deka, mbona siku hizi huna hadithi?" mimi nageuza mazungumzo, nawamiminia chai, nawauliza habari za mbuzi wenu. Sasa basi. Wengine mmeshaisikia nusunusu, tena kutoka kwa watu wanaotia chumvi (walahi sikumrukia mzee yeyote, na blanketi halikuanguka), kwa hiyo afadhali niieleze mwenyewe, niaibike mara moja nimalize.

Mnanijua mimi ni mtu wa nyumbani. Hapa Galbet, mtaa wetu wa Garissa, kuna watu ambao mara ya mwisho kuniona nje ya lango langu ni siku nilipoolewa. Sokoni natuma mtu, harusini nafika nikiwa nimechelewa na kuondoka nikiwa wa kwanza, na dunia yangu yote ni ua, turubai la kivuli, majiko mawili, na friji ambayo mguu wake mmoja ulivunjika, mume wangu akaweka kitabu chini yake isiyumbe. Lakini kwa kuwa mimi siendi kwa watu, watu huja kwangu. Kila siku baada ya swala ya alasiri wanawake sita wa mtaa hukaa chini ya turubai langu, wanasuka, wanashona, wanakunywa chai yangu, na mimi kazi yangu ni kuwasimulia vitu nilivyosoma, maana nilifika kidato cha nne na sijaacha mtu yeyote asahau.

Alasiri hizo tulikuwa tunasuka mikeka ya Ifrah, binti wa Rukia. Rukia ni jirani yangu, ukuta wake ndio ukuta wangu, na watoto wangu watatu wote nimewazaa mkono wangu ukiwa ndani ya mkono wake. Ifrah alikuwa amechumbiwa na kijana wa Takaba, kijana mzuri, mwenye kazi ya ofisi hapa mjini, na aliyewaunganisha ni Mumina, jirani yetu mwingine, mzaliwa wa huko huko Takaba, ambaye ukimpa nafasi atakwambia kwamba Takaba mbuzi wana adabu, mvua inanyesha kwa zamu, na watu wake hawajawahi kukosea tangu dunia iumbwe.

Basi siku moja nikaamua kuwasimulia riwaya moja ya kale, ile aliyoniachia mwalimu wetu wa Kiingereza alipohamishwa kurudi kwao. Ni ya mji wa Wazungu wa zamani, washika dini wakali, watu ambao hata kucheka walikuwa wanaomba ruhusa. Mwanamke amepata mtoto na mumewe hayupo, mji mzima unamsimamisha juu ya jukwaa, unamvalisha herufi kifuani ili kila anayepita aione dhambi yake, naye anakataa katakata kumtaja mwanamume. Na mwanamume mwenyewe yupo pale pale, mheshimiwa, mtu wa dini, watu wanalia akihubiri, amenyamaza kimya na mkono kifuani huku siri ikimtafuna. Halafu yule mume aliyepotea anarudi kwa jina la uongo, anajifanya tabibu, anahamia kwa mwenye siri na kumtibu kwa upole kabisa ili amtese polepole.

Hadithi tamu kama nini! Lakini mnajua sisi. Sikumaliza sentensi ya pili.

"Huyo mwanamke ni binti ya nani?" akauliza Rukia.

"Ni Mzungu, Rukia."

"Mzungu hana baba?"

"Wa ukoo gani?" akauliza mwingine. "Na wajomba zake walikuwa wapi anasimamishwa hapo juu?"

Nikasema ni watu wa Amerika, tena wa zamani, walishakufa wote. Basi nikawaona macho yanarudi kwenye mikeka. Mtu asiye na ukoo, aliyekufa, wa Amerika, ya nini kumlilia? Mama mmoja akataka tu kujua, wale wasiojua kusoma waliionaje hiyo dhambi iliyoandikwa kwa herufi. Mumina akapiga miayo. Halafu, kana kwamba miayo haitoshi, akaichukua anjera yangu, ule mkate wetu mwembamba, akaiinua juu kuelekea jua, akachungulia kupitia matundu yake na kusema, "Abaayo, dada yangu, hii ya leo ni ya kula au ya kuziba paa?"

Wakacheka wote. Hata Rukia. Hata mimi nilicheka, lakini kwa meno tu.

Usingizi sikuupata vizuri (siwafichi), na kesho yake alasiri, walipokwisha kukaa, nikafanya kosa langu. Lilikuwa dogo. Nilishusha sauti, nikaangalia langoni kama mtu anayeogopa kusikiwa, nikasema, "Jana niliwaficha. Ile habari si ya Amerika. Niliipeleka Amerika kwa kuogopa. Ukweli ni kwamba mambo yale yalitokea Takaba."

Mikeka ikaanguka chini.

Mnielewe, nilitaka wanisikilize. Na kama katika kusikilizwa huko Mumina angepata kumeza kitu kidogo kichungu, sikuona ubaya. Nikaanza upya, na safari hii sikuulizwa lolote, walikuwa wananinyonya maneno mdomoni. Yule mtu wa dini sikuthubutu kumfanya sheikh, namwogopa Mungu, kwa hiyo nikamfanya mzee wa suluhu, mpatanishi wa watu, ambaye akisema neno kesi imekwisha. Herufi nikaigeuza kitambaa chekundu cha begani. Lakini ule mkono wa kifuani niliupenda mno, nikauacha kama ulivyo. "Mpaka leo," nikasema, na sauti yangu ikatetemeka kwa utamu, "akikaa na watu, mkono wake hautoki kifuani."

Mumina hakupiga miayo. Alinitazama, akanywa chai yake yote, akasema ana jiko motoni, akaondoka. Mimi nikajipongeza moyoni, nikaenda kulala nimeshiba.

Ambacho sikujua ni kwamba Takaba kuna mzee wa suluhu, na mzee huyo hukaa mkono kifuani. Kila mtu wa huko anamjua hivyo. Anaitwa Mzee Adan. Na Mzee Adan ndiye baba wa kijana aliyemchumbia Ifrah; posa waliileta wajomba wa kijana, yeye mimi na Rukia hatukuwa tumemwona.

Rukia naye, mama wa watu, alirudi nyumbani na hofu ya mwanawe. Akafanya lile ambalo mama yeyote angefanya, akamtumia mke wa Mzee Adan ujumbe wa sauti kwa simu, sauti ya chini, ya heshima, akisema, "Dada yangu, usinichukie, huko kwenu kuna mzee wa suluhu anayeshika kifua, nimesikia habari zake, kwamba alizaa na mke wa mtu akaficha, niambie tu si za kweli." Ujumbe wa sauti jamani si kama maneno ya mdomo. Mke wa Mzee Adan aliusikiliza mara tatu, akampelekea dada yake, dada yake akawapelekea wengine, na kufikia adhuhuri Takaba nzima ilikuwa inamsikiliza Rukia.

Siku ya nne gari likasimama langoni kwa Rukia, limejaa vumbi mpaka rangi yake haijulikani, wakashuka wazee watatu. Wa kwanza alikuwa mrefu, ndevu zimetiwa hina, fimbo mkono wa kulia, na mkono wa kushoto, laa haula, uko kifuani. Nilimwona kupitia tundu la ukuta. (Ndiyo, kuna tundu. Msiniulize limetoka wapi.)

Walikaa chini ya turubai la Rukia, wakanywa maji, wakakataa chai, na hapo ndipo nilipojua ni vibaya. Mzee Adan hakupaza sauti. (Haya yote yalisemwa kwa Kisomali, mimi nawaletea kwa Kiswahili kwa sababu kuna wageni kati yenu, na kwa sababu kwa Kisomali yanaumiza zaidi.)

"Dada," akasema, "katika dini yetu kumsingizia mtu zinaa bila mashahidi wanne si jambo la kunywea chai. Sauti ni yako, umesema umesikia. Umesikia kwa nani?"

Rukia akainamisha kichwa. Halafu akasema, "Nimesikia kwa watu."

"Watu wana majina."

"Siwezi kutaja jina la mwanamke mbele ya wanaume, adeer, ami yangu. Kosa la kutuma ni langu, nilaumu mimi."

Nilikuwa upande wa pili wa ukuta, jicho kwenye tundu, na niliona kama nimewahi kuisoma sehemu hii. Mwanamke amesimama mbele ya watu, amekataa kutaja jina. Na mwenye jina yupo karibu, anasikia kila neno, amenyamaza. Nilitoa jicho kwenye tundu, nikaweka sikio, nadhani ili nisimwone Rukia uso.

"Basi," akasema Mzee Adan, "sisi tutakaa mjini mpaka keshokutwa alasiri. Jina likitoka, tutaongea na mwenyewe na harusi ipo. Lisipotoka, siwezi kumwozesha mwanangu kwenye nyumba inayonisema hivi. Tutarudi na kijana wetu."

Nikamsikia Ifrah, ndani, akianza kulia kwa sauti ya mtu aliyejiziba mdomo kwa nguo.

Sasa mtu mwenye akili angefungua lango, akaenda, akasema ni mimi, hatua kumi na tano tu. Mimi niliugua. Niliingia chumbani, nikachukua blanketi zito la baridi tulilopewa na shemeji anayeishi nyanda za juu, ambalo halijawahi kutolewa kwenye mfuko kwa sababu hapa Garissa joto linamtosha hata marehemu, nikajifunika mpaka kichwani na kumwambia mume wangu nina homa. Akaniwekea mkono kwenye paji la uso, akasema kweli una moto. Nani hangekuwa na moto ndani ya blanketi lile?

Saa moja haikupita, mlango ukabishwa. Mumina. Ameshika kikapu, chetezo, na chupa mbili.

"Abaayo wangu," akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, laini kama siagi. "Nimesikia unaumwa. Nimekuja kukuuguza."

Mume wangu akamshukuru, akatoka kwenda zake. Sijamsamehe.

"Unaumwa wapi?"

"Kila mahali."

"Kifuani?"

"Kifuani hapana!"

"Wagonjwa wa kifua huwa wanakataa," akasema Mumina, na akafungua chupa ya kwanza, nayo ni mafuta ya mkia wa kondoo, akanipaka uso, shingo, mikono, nyayo, mpaka nikawa nateleza ndani ya blanketi kama samaki. Chupa ya pili ilikuwa maji ya manemane, machungu ambayo ukiyanywa unawakumbuka wote uliowakosea. Kisha akatia makaa kwenye chetezo, akakiingiza chini ya blanketi pamoja nami, akafunga pembe zote nne. "Jasho litatoa kila kitu kilichojificha ndani," akasema.

Alikaa siku mbili. Siku mbili! Kwake alirudi kulala tu, alfajiri yuko mlangoni na chupa. Na kila akininywesha alinipa habari, taratibu, kama mtu anayempa mtoto uji.

"Rukia hajala tangu jana. Kunywa."

"Watu wamesema Rukia ana ulimi mchafu, mwanamke mmoja amepita kwake bila salamu. Meza, usiteme."

"Nimemkuta Ifrah anaufumua ule mkeka aliousuka mwenyewe. Ule wenye nyekundu. Ukindu mmoja mmoja. Geuka nikupake mgongo."

Mkeka ule Ifrah aliusuka wiki tatu. Kila mara nikimtazama Mumina namwona anatabasamu kwa huruma, anakunja kitambaa, ananifuta jasho, ananiuliza, "Kuna kitu unataka kuniambia, abaayo?" Nami nasema hapana, na yeye anasema sawa, tuongeze manemane.

Siku ya tatu mchana, chetezo kikiwa kati ya magoti yangu, ndipo nilipoamka. Si usingizini, akilini. Huyu ni yule tabibu! Yule wa kitabu, anayemtibu mwenye siri kwa upole huku akimla! Mumina alikuwepo pale chini ya turubai langu, alijua tangu neno la kwanza kwamba Takaba niliichagua kwa ajili yake, angeweza kuwaambia wazee siku ile ile na mambo yangeisha, lakini hakutaka kunisema. Alitaka niivae ile herufi mwenyewe. Na mimi niliyewasimulia watu hadithi yenyewe, nikawaeleza mpaka mafunzo yake kama mwalimu, nimelala ndani yake siku mbili nanywa dawa na sijaitambua.

Nikauliza ni saa ngapi. Mumina akasema, "Alasiri imeadhiniwa. Wazee wamefika kwa Rukia. Lakini wewe ni mgonjwa, lala."

Nilitoka vile vile. Blanketi limenizunguka mwili na kichwa, uso unang'aa mafuta, moshi unanitoka shingoni, miguu mitupu, nikafungua lango langu ambalo huwa naomba watu wanifungulie, nikaingia ua wa Rukia palipokuwa na wazee watatu, majirani wanaume kama kumi, na wanawake nyuma ya pazia, nikapiga kelele:

"Ni mimi! Ni mimi niliyesema!"

Mzee mmoja akasema bismillahi, akasogeza kiti chake nyuma.

"Huyu ni nani?" akauliza Mzee Adan.

Na Mumina, aliyekuwa amenifuata taratibu na chupa yake mkononi, akasema kwa upole ule ule, "Ni jirani, adeer. Ana homa kali siku ya tatu sasa. Anaweweseka. Msimjali."

Mnaona? Mnaona mwanamke yule? Nikaanza kujieleza, na ndugu zangu, hakuna kitu kigumu kama kukiri ukweli wa kijinga ukiwa unafuka moshi. Nikasema yule mzee wa Takaba hakuwa mzee wa Takaba, alikuwa Mzungu. Nikasema alikufa zamani. Halafu nikajirekebisha, kwa kuwa sasa nilitaka kusema kweli tupu, nikasema hakufa, kwa sababu hajawahi kuzaliwa.

"Kwa hivyo," akasema Mzee Adan polepole, "umemsingizia zinaa mtu ambaye hayupo."

"Ndiyo!"

"Na yeye ndiye mimi."

"Hapana! Wewe upo!"

Wazee wakatazamana kwa huruma. Mmoja akaomba kikombe cha maji, akayasomea, akaninyunyizia usoni, yakateleza juu ya mafuta bila kulowesha. Mwingine akauliza nimeanza lini kuwa hivi na kama kwetu kuna mwingine. Kadiri nilivyokiri ndivyo walivyonionea huruma, na kadiri walivyonionea huruma ndivyo Rukia, ambaye nilimwona kwenye ukingo wa pazia, macho yamemvimba, alivyozidi kubaki na kosa langu mkononi. Hapo nikaogopa kweli. Nikaona nimechelewa, kwamba nimejificha mpaka ukweli wangu umeoza.

"Kitabu," nikasema. "Kipo. Kiko chini ya friji."

"Chini ya friji," akarudia mzee wa maji, akatikisa kichwa.

Ni Ifrah aliyeondoka. Hakuuliza kitu, alipita kama upepo, na baada ya muda tukasikia ng'ambo ya ukuta mshindo ambao ndani yake niliweza kutambua maziwa, mayai, na bakuli langu la harusi. Akarudi na kitabu. Hakina jalada, na katikati kina shimo la duara la mguu wa friji, lakini ni kitabu.

Mzee Adan akakipokea. Akaweka fimbo chini. Halafu ule mkono wa kushoto, ambao macho ya ua mzima yalikuwa juu yake, ukaondoka kifuani kwa mara ya kwanza tangu afike Garissa, na miwani ikaanguka puu kwenye mapaja yake. Mfuko wa shati lake umeraruka chini. Ndiyo hivyo tu. Miaka mingapi mzee wa watu anaishikilia miwani yake isidondoke, mkewe anamwambia alete shati lishonwe, yeye anasema kesho.

Akaivaa, akasoma. Kabla ya kuwa na mifugo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sikujua. Alisoma ukurasa, akafungua mwingine, akaruka mbele, akarudi, sisi tumesimama, jasho linanitiririka, chai ikaletwa na safari hii ikanywewa, na yeye bado anasoma midomo ikichezacheza. Mzee wa maji akashindwa kuvumilia.

"Adan. Kinasema nini?"

"Kiingereza hiki kimezaliwa kabla ya babu yangu," akasema. Halafu akageuza ukurasa. "Lakini mwanamke anasema kweli. Huyu mtu yumo humu. Na hayupo Takaba."

"Alifanya nini?"

Basi akawaeleza. Na mkutano uliokuja kunihukumu mimi ukageuka, ukaanza kuwahukumu wale. Wazee wakataka kujua kwa nini yule mume hakutafuta watu wa kumsindikiza, akaja peke yake na jina la uongo kama mwizi wa ngamia. Wakataka kujua kaka za yule mwanamke walipo (nyuma ya pazia mwanamke mmoja akasema, niliwaambieni!). Jirani mmoja akamtetea mwenye siri, kwamba aibu ni kitu kizito, na mzee wa maji akamkatiza: "Aibu yake nzito, ya yule mama nyepesi? Amembebesha!" Ua mzima ukasema kweli, kweli, na mimi nikajivuta ndani ya blanketi.

Mzee Adan akafunga kitabu. Akamwangalia Mumina juu ya miwani.

"Na wewe, binti ya adeer yangu, ulikuwa unajua?"

"Mimi nilikuwa namtibu," akasema Mumina.

Aliyecheka kwanza ni mzee mwenyewe. Akacheka mpaka miwani ikaanguka tena.

Hukumu ilikuwa fupi. Takaba haina kosa, kitabu hakina kosa, Rukia ana kosa dogo la simu ambalo amesamehewa, na mwenye kosa kubwa ndiye yule pale anayenuka kondoo. Harusi ipo. Na siku Ifrah atakapopelekwa kwa mumewe, mimi nitakuwa ndani ya gari, nifike Takaba kwa miguu yangu, nisimame mbele ya wanawake wa huko na kusema kwa mdomo ule ule. Mimi! Ambaye soko la Garissa nalijua kwa kusimuliwa!

Nilienda. Siku mbili za vumbi, tukipitia Wajir, mgongo wangu haujanisamehe. Rukia alikaa kiti cha mbele yangu. Tangu siku ile alikuwa ananijibu salamu, ananipa chumvi nikiomba, lakini hakuwa amenisemesha neno la kwake mwenyewe, na safari nzima nilikitazama kisogo chake. Hata kisogo chake kilikuwa kimenyamaza.

Takaba wanawake walijaa nyumba na ua wa Mzee Adan. Nikasimama. Nikasema jina langu na la baba yangu na la babu yangu, wasije wakauliza. Nikasema niliwazulia, nikasema kwa nini, mpaka habari ya anjera nikaisema, wakacheka, nikaomba msamaha, nikakaa. Kikongwe mmoja, mama yake Mzee Adan, akasema kwa niaba ya wote kwamba wamenisamehe. Halafu akasogea mbele kwenye mkeka.

"Sasa mwanangu. Yule mwanamke na mtoto wake, waliishia wapi?"

Nikamwambia tangu siku ile nimeapa kutosimulia tena. Wakapiga kelele, wakasema safari yote hii kwa nusu hadithi? Sikujua nifanye nini. Nikamgeukia Rukia.

Rukia alikuwa anamtengeneza Ifrah shela. Hakuinua macho.

"Wasimulie, Deka," akasema. "Lakini wasimulie vizuri pale yule mtu alipomwona mwenzake jukwaani, akanyamaza. Hapo usipapite haraka."

Nikawasimulia. Sikuipeleka mahali popote, niliiacha Amerika, kwa watu waliokufa wasio na ukoo, na walisikiliza vile vile (sijui kule kwangu niliogopa nini). Na nilipofika pale, sikupapita haraka. Nilipasimulia pole pole, neno kwa neno, na Rukia akanisogezea maji bila kunitazama.

Tumerudiana, ndiyo, anakuja kwangu kama zamani, mnamwona. Lakini siku moja tukiwa wawili aliniambia, "Niliona jicho lako kwenye tundu, siku ile ya kwanza," na akaendelea kusuka. Kwa hiyo nimejiapia hivi: nikimwona mtu amebeba kosa langu, nitatoka nje siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, hata kama jua ni la saa saba, nywele sijachana, na hakuna aliyenifungulia lango.